Mgonjwa Mmoja, Majina Matatu: Tafakuri ya Mwanafasihi kuhusu Rekodi za Zahanati

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo mtu akizisikia kwa pamoja atadhani zimeteta. Ya kwanza yasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ya pili yasema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Ya kwanza humhimiza mgonjwa aseme yaliyomsibu. Ya pili humkumbusha kwamba si kila sikio linastahili kusikia. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kukutana na methali kinzani za namna hii darasani, tukaziandikia insha na kupewa alama zetu. Mimi nimezikuta zikivutana mahali pengine kabisa, yaani juu ya meza ya zahanati, baina ya daftari la mgonjwa na tarakilishi ya muuguzi.

Insha hii inahusu swali ambalo huenda msomaji wa jarida letu akaliona geni: je, zahanati na vituo vyetu vya afya viko tayari kupashana rekodi za wagonjwa kwa njia ya kielektroniki? Aghalabu swali hili huachiwa wataalamu wa tarakilishi na wanasheria. Ninavyoliona mimi, ni swali la lugha pia, tena lugha katika mapana yake: majina, istilahi, masimulizi na siri. Nitalitazama kutoka Kamere, mahali nilipolelewa.

Kwa asiyepajua, Kamere ni makazi yaliyo upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, kando ya barabara iitwayo Moi South Lake, katika Kaunti ya Nakuru. Kuna ufuo ambako mashua za wavuvi hutua alfajiri, na kuna mashamba ya maua ambayo waridi zake husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Mashamba hayo ndiyo yaliyowavuta wazazi wetu kutoka Magharibi, Nyanza, Kati na kwingineko. Ndiyo sababu katika ploti moja yenye vyumba kumi unaweza kusikia lugha tano au sita, na Kiswahili kikawa paa linalozifunika zote.

Watu wa Kamere ni watu wa kuhamahama. Kazi huongezeka msimu wa Siku ya Wapendanao unapokaribia, kisha hupungua. Mkataba ukiisha shamba hili, mtu hujaribu bahati shamba lile. Desemba hufunga safari kwenda nyumbani mashambani. Mwanamke mjamzito aghalabu hurudi kwa mama mkwe kujifungulia huko. Katika nyendo hizo zote mtu hutibiwa katika zahanati ya shamba, kliniki ya mtaani, zahanati ya serikali, hospitali ya Naivasha, na ugonjwa ukizidi, hospitali kuu ya Nakuru. Mwili ni mmoja, lakini habari zake zimetawanyika kama mbegu zilizomwagwa na mpanzi mlevi.

Chombo kinachojaribu kuzikusanya habari hizo ni daftari. Mkenya yeyote analijua: daftari la shule la kurasa thelathini na mbili, ambalo mgonjwa huambiwa alinunue dukani kabla ya kumwona tabibu. Mama na mtoto wana kijitabu chao rasmi cha kliniki, lakini mtu mzima mwenye kifua au presha ana daftari tu. Nyumbani kwetu madaftari hayo yaliwekwa chini ya godoro, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Moto ukizuka au maji ya ziwa yakipanda, kama yalivyopanda mwaka wa 2020 na tena 2025, historia ya afya ya jamaa nzima yaweza kupotea kwa usiku mmoja.

Nitatoa mfano mmoja ambao umenishughulisha kwa muda mrefu. Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alifanya kazi kwa miaka minne katika nyumba za plastiki za kukuzia waridi, zile tuziitazo grinihausi. Mwaka wa 2019 alipata homa na kikohozi, akapewa Septrin katika kliniki moja karibu na ziwa. Siku chache baadaye ngozi ilimtoka malengelenge na midomo ikachubuka. Aliporejea, tabibu aliiona hatari, akaisimamisha dawa na kuandika onyo kwa wino mwekundu katika kadi iliyobaki kabatini mwa kliniki. Yeye mwenyewe aliambiwa kwa mdomo, "Usimeze tena Septrin." Naye aliutii wosia huo kama mwiko.

Mwaka wa 2021 alishika mimba, akaenda Busia kwa mama. Busia si Naivasha. Kule malaria haiishi mwaka mzima, na kwa utaratibu wa Wizara ya Afya, wajawazito wa maeneo ya Ziwa Viktoria na Pwani hupewa vidonge vya kuwakinga, vile ambavyo wengi tunavijua kwa jina la Fansidar. Huku kwetu Naivasha hawapewi, kwa kuwa malaria ni haba. Basi wifi yangu hakuwa amewahi kukutana na dawa hiyo kliniki. Muuguzi alimuuliza swali alilopaswa kumuuliza: "Una aleji ya salfa?" Wifi akajibu bila kusita, "Hapana sista, salfa nimefanya nayo kazi miaka minne."

Msomaji amekwisha kuona mkasa ulipo. Katika grinihausi, salfa ni ule unga wa manjano unaotumiwa kuzuia ukungu kwenye majani ya waridi. Harufu yake huganda kwenye nguo hata zikafuliwa. Hiyo ndiyo salfa aliyoijua wifi yangu. Salfa aliyoiulizia muuguzi ni jamii ya dawa, na Septrin na Fansidar ni binamu katika jamii hiyo. Hakuna aliyedanganya. Muuguzi aliuliza kwa neno la taaluma yake, mgonjwa akajibu kwa neno la kazi yake, na maneno hayo mawili yana matamshi mamoja. Alimeza vidonge vitatu mbele ya muuguzi, kama utaratibu unavyotaka. Alilazwa wiki mbili. Alipona, na mtoto alizaliwa salama, lakini mama asema kwamba kuna usiku mmoja ambapo alianza kuwahesabu waombolezaji kichwani.

Wino mwekundu ulikuwepo wakati huo wote, umefungiwa kabatini kando ya ziwa. Onyo lililoandikwa vizuri, na mtu aliyejua kazi yake, halikuweza kusafiri kutoka Naivasha hadi Busia, ilhali waridi aliyoikata mwanamke huyohuyo husafiri hadi Uholanzi kabla haijanyauka, ikiwa na karatasi zinazoeleza shamba ilikotoka na dawa ilizonyunyiziwa.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiyatazama masimulizi ya wagonjwa kwa jicho la mtu wa fasihi simulizi. Tunafundishwa kwamba hadithi simulizi haina umbo moja la kudumu. Kila fanani huitamba upya, akapunguza hapa na kuongeza pale, kwa kutegemea hadhira na mahali. Hiyo ndiyo raha yake. Mgonjwa asiye na rekodi hulazimika kuwa fanani wa namna hiyo. Kila afikapo kwenye dirisha jipya huanza upya: nilianza kuumwa lini, nilipewa nini, nini kilinidhuru. Siku moja husahau tukio, siku nyingine huona haya kulitaja. Anayemsikiliza naye ni hadhira yenye haraka, foleni imefika mlangoni, na kalamu yake huandika kwa Kiingereza yale anayoyasikia kwa Kiswahili. Sebuleni tofauti za masimulizi hutupa burudani. Katika zahanati zaweza kuua.

Tazama, kwa mfano, maneno ambayo wagonjwa wetu huyatumia. Mtu asemapo "nina homa" huenda ana mafua, huenda mwili umepanda joto, huenda anamaanisha malaria. "Kifua" chaweza kuwa kikohozi cha kawaida, pumu au kifua kikuu. "Kichomi" ni maumivu ya ubavuni kwa mmoja, na kwa mwingine ni ugonjwa wa mapafu. Muuguzi hodari huuliza maswali ya ziada ndipo aandike. Aliyechoka huandika neno la kwanza linalomjia, na neno hilo hugeuka kuwa ukweli wa mgonjwa kuanzia siku hiyo.

Baada ya istilahi kuna majina. Wifi yangu ana majina matatu katika vitabu vya afya vya nchi hii. Zahanati ya shamba ilimwandika kwa majina ya kitambulisho, yaani la ubatizo na la babake. Kliniki ya mtaani ilimwandika kwa jina la ubatizo na la mumewe. Kule Busia aliandikwa kwa jina lake la kuzaliwa, lile ambalo mama humwitia, tena kwa tahajia iliyokosa herufi moja. Hata kama tarakilishi za vituo hivyo vitatu zingeweza kuzungumza siku ile, zingezungumza kuhusu wanawake watatu. Kwetu Afrika jina hubeba ukoo, msimu wa kuzaliwa na heshima ya ndoa, na mtu huitwa tofauti kwa kutegemea anayemwita. Mashine hupenda mtu aliye na jina moja na nambari moja. Nambari ya kitambulisho ingesaidia, lakini kitambulisho hupatikana mtu afikishapo miaka 18, na wapo watu wazima wasiokuwa nacho.

Nchi yetu haijakaa kimya juu ya jambo hili. Mwaka wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianzisha mojawapo ya mifumo ya kwanza ya rekodi za kielektroniki za wagonjwa katika vituo vya mashambani kusini mwa Sahara. Kutokana na uzoefu wa Mosoriot na Eldoret, mradi wa OpenMRS ulianzishwa mwaka wa 2004, nao ukaenea katika nchi nyingi. Mwaka wa 2010 serikali ilitoa mwongozo wa viwango vya mifumo hii. Mwaka wa 2012 ulianza kusambazwa mfumo uitwao KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS, hasa katika kliniki za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba rekodi za kielektroniki ni ndoto ya kigeni. Sehemu kubwa ya ujuzi wake ilizaliwa hapa Bonde la Ufa, safari ya saa chache kutoka Kamere.

Hata hivyo, kuwa na rekodi katika tarakilishi si sawa na kuwa tayari kuitoa ikasomwa kwingine. Tangu mwaka wa 2011 vituo vyetu vimekuwa vikituma takwimu za kila mwezi kwa wizara kupitia mfumo wa DHIS2. Takwimu hizo husema ni wajawazito wangapi walihudhuria kliniki. Hazisemi ni nani kati yao ambaye Septrin ilimchubua midomo. Mfumo unaohesabu watu ni tofauti na mfumo unaomkumbuka mtu. Isitoshe, hospitali moja yaweza kuwa na programu ya maabara, nyingine ya duka la dawa na ya tatu ya malipo, kila moja imenunuliwa kwa muuzaji wake na ina misimbo yake.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili hujikuta nyumbani. Tatizo hili tunalijua kwa jina jingine: ni tatizo la lahaja na usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Lengo lilikuwa kitabu kilichochapwa pwani kisomeke bara. Leo wataalamu wa tarakilishi za afya wana usanifishaji wao. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa iitwayo ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, ambamo kila ugonjwa una msimbo wake. Kuna pia kanuni iitwayo FHIR inayoeleza jinsi mfumo mmoja unavyopaswa kuupasha mwingine habari. Zahanati mbili zikifuata sarufi moja na msamiati mmoja, rekodi ya Naivasha yaweza kusomeka Busia.

Lakini historia ya Kiswahili ina funzo la pili, ambalo wataalamu hao wasilipuuze. Usanifishaji ulileta mawasiliano, na uliacha watu nje pia. Wenyeji wa Mombasa na Lamu, waliorithi ushairi wa karne nyingi, walijikuta wakiambiwa kwamba usemi wao si sanifu. Ndivyo itakavyokuwa katika zahanati iwapo misimbo itaandikwa kwa Kiingereza pekee na mgonjwa akabaki mgeni katika habari zake mwenyewe. Msimbo wa mzio wa dawa za salfa ungemwonya muuguzi wa Busia, na hilo ni jema mno. Lakini mtandao ukikatika, ngao ya mwisho ni mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa asiyejua jina la kinachomdhuru hawezi kujikinga.

Neno "mzio", kwa hakika, ni mfano mzuri. Leo tunalitumia kumaanisha aleji. Zamani lilimaanisha chakula au kitu ambacho mtu alikatazwa kwa sababu kingemdhuru. Aliyekatazwa alijua jina la kitu chenyewe, alijua nani alimkataza, na jamaa zake wote walijua, wakamkumbusha mezani. Ile ilikuwa rekodi iliyotembea, tena iliyoshirikiwa. Haikuhitaji umeme. Ilihitaji lugha ambayo kila mhusika aliielewa.

Sasa niigeukie ile methali ya pili, ya mtungi na kata. Pale Kamere kuna mzee mvuvi, jirani yetu wa tangu nikiwa mdogo, ambaye kwa miaka mingi amechukua dawa zake mbali na nyumbani, ijapokuwa kuna kituo cha karibu. Nilipomweleza kwamba siku moja rekodi zake zitaweza kuonekana katika kituo chochote, alitikisa kichwa. "Binti yangu," akaniambia, "wavu wangu naushona mwenyewe na matundu yake nayajua. Huo mtandao wenu, ni nani anayejua matundu yake?" Wafanyakazi wa kituo cha karibu ni majirani. Kwake yeye, habari kusafiri ndicho kitisho chenyewe.

Ni rahisi kumwona mzee huyu kuwa mshamba. Mimi simwoni hivyo. Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Naivasha, jina peke yake lilitosha kumponza mtu. Watu waliuliziwa majina na kutafutwa nyumba kwa nyumba. Waliokimbia waliacha dawa na kadi zao nyuma, na huo ni ushahidi kwamba rekodi ingepaswa kuwafuata. Lakini waliokimbia walijifunza pia kwamba orodha ya majina ikiwa mikononi mwa mtu mbaya ni silaha. Mkasa mmoja unatoa hoja mbili, na zote mbili ni za kweli.

Hofu hiyo imewahi kufika mahakamani. Mwaka wa 2015 lilitolewa agizo la rais kwamba zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na za walezi wao. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, nayo Desemba 2016 ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki yao ya faragha. Hivi karibuni zaidi, Desemba 2025, Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa ushirikiano wa afya, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda vipengele vya kuhamisha data za afya za Wakenya. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tulikumbushwa jinsi rekodi za kliniki za virusi vya UKIMWI zilivyoegemea fedha za wengine. Swali la mzee wangu kuhusu matundu ya wavu ni swali la taifa zima.

Sheria hatukosi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 hulinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzihesabu habari za afya miongoni mwa data nyeti. Sheria ya Afya ya 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Sheria ya Afya Dijitali, iliyotiwa saini Oktoba 2023, iliweka msingi wa mfumo mmoja jumuishi wa habari za afya, ijapokuwa imepitia misukosuko ya mahakamani. Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF, na usajili wake umewafundisha Wakenya wengi kwamba afya yao sasa ina nambari.

Nilitaka kujua hali ikoje mezani, kwa hiyo nilimtembelea muuguzi ninayemfahamu katika kituo kimoja cha eneo letu. Alinionyesha rejista zake zilizopangwa kama mabuku ya maktaba: ya wagonjwa wa nje, ya wajawazito, ya chanjo, ya uzazi wa mpango. Kando yake kulikuwa na tarakilishi. "Dada yangu," akasema, "nikimwingiza mgonjwa hapa, bado sharti nimwandike kule. Umeme ukienda, rejista haiendi." Akaniambia kwamba siku zenye foleni ndefu huandika kwanza kwenye kitabu, kisha jioni, akipata nafasi, huingiza kwenye mashine kwa kukumbuka. Hapingi tarakilishi. Anachokipinga ni kufanya kazi moja mara mbili kwa mshahara mmoja. Nilipomuuliza kama mgonjwa huombwa ridhaa kabla habari zake hazijatumwa kwingine, alinionyesha fomu ya ukurasa mzima, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. "Wanatia sahihi," akasema, "kwa sababu nimewaambia watie."

Ridhaa isiyoeleweka si ridhaa. Hapo ndipo ninapokiona kiini cha utayari wenyewe. Tukipima utayari kwa idadi ya tarakilishi na kasi ya mtandao pekee, tutatangaza kwamba vituo viko tayari ilhali watu wanaohusika hawapo. Kwa maoni yangu, kituo kiko tayari kupashana rekodi iwapo mgonjwa anaweza kujibu maswali matatu kwa lugha yake: nini kimeandikwa kunihusu, nani anaweza kukisoma, na nifanye nini kikiwa na kosa? Methali zetu mbili hupatana hapo. Mgonjwa husema yaliyomsibu pale anapojua kata ni nani.

Wapo waliojaribu kulipatanisha jambo hili kwa vitendo. Nchini Estonia, ambako rekodi za kitaifa za kielektroniki zilianza mwaka wa 2008, raia anaweza kuifungua rekodi yake na kuona ni nani aliyeifungua kabla yake. Kila achungulie huacha nyayo. Duniani pia pameafikiwa muundo wa muhtasari wa mgonjwa, usiobeba historia yote, bali mambo machache ya lazima: maradhi makuu, dawa anazotumia na vitu vinavyomdhuru. Mzee wangu mvuvi huenda akakubali muhtasari usafiri iwapo ataambiwa nini kimo ndani yake na nani aliyeusoma. Wifi yangu, kwa upande wake, alihitaji mstari mmoja tu wa muhtasari huo.

Nasi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna nini cha kufanya? Naona kazi tatu. Kwanza, fomu za ridhaa zitafsiriwe kwa Kiswahili chepesi, kisha zisomewe watu wa ufuoni na wa grinihausi ili tuone wanaelewa nini. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, hivyo hatuombi fadhila. Pili, ikusanywe misamiati ya maradhi kama watu wanavyoisema kweli, pamoja na maana zake zote zinazogongana, ili muuguzi asikiapo "kifua" au "salfa" ajue swali la pili la kuuliza. Tumezoea kukusanya vitendawili na nyimbo za arusi. Tunaweza pia kwenda na kalamu zetu kwenye benchi la zahanati, tukiomba idhini na kuficha majina. Tatu, tuandike kuhusu majina. Tunayo maarifa ya jinsi Waafrika wanavyoitana, na mhandisi wa mifumo anayahitaji kabla hajaamua kwamba kila mtu ana jina la kwanza na la mwisho.

Watakuwepo watakaosema kwamba hiyo si kazi ya idara ya fasihi. Nawakumbusha kwamba zahanati ni mahali ambapo mamilioni ya wenzetu husimulia habari nzito kuliko zote, habari za miili yao, kwa lugha tunayojinadi kuwa wataalamu wake. Masimulizi hayo hufasiriwa na kuhifadhiwa kila siku bila sisi. Siku yatakapoanza kusafiri kwa kasi ya umeme, makosa ya tafsiri yatasafiri nayo kwa kasi iyo hiyo, na rekodi iliyokosewa itaaminiwa katika vituo mia badala ya kimoja.

Naiweka kalamu chini kwa ombi moja. Msomaji atakapokwenda tena hospitalini, amwombe tabibu amwandikie katika daftari lake, kwa Kiswahili, jina la dawa isiyomfaa na la jamii yake. Mstari huo mmoja utasafiri naye hadi siku mifumo yetu itakapoweza kuubeba.